Chokoleti Yenye Harufu ya Asmini

Clotilda wa Nyamiaga hakupenda kuuliza. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini wahenga hawakuwa majirani zake. Yeye aliona kuuliza ni sawa na kuvuliwa kanga sokoni. Akipewa mbegu asizozijua, atachungulia shamba la mwenzake aone zinavyopandwa. Akialikwa kwenye nyumba asiyoifahamu, atamfuata nyumanyuma mwanamke yeyote aliyebeba zawadi mpaka wafike mlangoni. Safari moja alifikishwa hivyo kwenye msiba wa watu asiowajua kabisa, akalia nao, akala nao, akarudi kwake bila kumwambia mtu. Basi kwa kuwa hila hiyo ilimfaa miaka yote, hakuona sababu ya kujirekebisha.

Aliyemwangusha ni mkwe.

Nice, kitinda mimba wake, alikuwa akifundisha shule ya msingi huko Biharamulo, na huko akapata mchumba, Elick, kijana wa Nyamigogo. Siku ikapangwa watu wa kijana waje Ngara kujitambulisha. Clotilda hakuogopa wingi wa wageni wala mbuzi wa kuchinja. Alimwogopa mtu mmoja tu, Genoveva, mama yake Elick, muuguzi mstaafu.

"Mama, yule hanywi soda," Nice alimwambia kwenye simu. "Chai anakunywa bila sukari. Watoto wa mtaani kwao wakimwona wanaficha pipi mifukoni."

"Sasa baada ya chakula nitampa nini? Maji ya mtungi?"

"Mpe matunda."

Matunda! Clotilda alikaribia kuikata simu. Mkwe atoke Biharamulo, apigwe vumbi njia nzima, aje amenyewe papai kama aliyepita kuomba njia? Hapana. Alitaka Genoveva arudi Nyamigogo akisema kwamba mama wa yule msichana si mkulima tu, ni mtu anayejua mambo.

Nice alipoona mama yake amenuna, akamtumia maelezo kwa sauti. "Haya, basi tengeneza chokoleti ya karanga. Unasaga karanga zako mpaka zitoe mafuta. Unachanganya na asali kidogo na chumvi ya kubana kwa vidole viwili, unafinyanga vidonge. Halafu unayeyusha mafuta ya nazi, unakorogea unga wa kakao na asali, unachovya vile vidonge humo, unaviacha vigande. Sukari ya dukani haimo. Ila usizidishe asali, mama, maana nayo ni sukari hiyohiyo, na mama Elick atakwambia."

Clotilda alisikiliza sauti ile mpaka akaikariri kama sala ya Malaika wa Bwana. Karanga alikuwa nazo, za shamba lake. Asali Elick alishamletea dumu zima kutoka Biharamulo, nyeusi, nzito. Unga wa kakao aliupata mjini Ngara. Yakabaki mafuta ya nazi.

Hapa msomaji wa Tanga atacheka, na acheke tu. Huku kwetu nazi haioti. Mafuta ya nazi ni ile chupa inayokaa mbele ya kioo, karibu na kitana. Kwenye baridi ya mwezi wa saba yanaganda humo ndani yakawa meupe, na wanawake huibana chupa kwapani kwanza ndipo wachane nywele. Clotilda hakuwahi kuona mafuta ya nazi mengine tangu azaliwe. Aliposikia kwamba yanaliwa, alishtuka kidogo, kisha akajiambia kwamba watu wa pwani hula mengi. Na si Nice alisema vidonge vitaganda? Mafuta yale yale kweli huganda. Kila kitu kikakaa mahali pake kichwani mwake, na akaona hakuna haja ya kumpigia mtoto simu tena.

Akaenda dukani kwa Pili.

Pili, au Mama Amri kama wengi walivyomwita, alikuwa shoga yake wa tangu usichana. Babu yake Pili alifika Ngara kutoka Pangani akiuza kaniki na chumvi, akajenga, akazikwa hapo hapo. Pili mwenyewe alizaliwa chumba cha nyuma ya duka lile, na Kihangaza chake kilikuwa safi kuliko cha vijana wengi wa Nyamiaga. Hata hivyo watu waliendelea kumwita Mswahili. Neno hilo huku lina pande mbili. Upande mmoja ni Mwislamu wa mjini, mwenye asili ya pwani. Upande wa pili ni mjanja, mtu wa maneno matamu, wa kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Pili alilisikia likitamkwa kwa pande zote mbili maisha yake yote, na Clotilda alijua ni upande upi unaomuuma.

"Mafuta ya nazi," Clotilda alisema.

"Ya nywele?" Pili akauliza, mkono tayari uko rafuni.

Swali lilikuwa dogo, na jibu lake lilikuwa rahisi. Angesema, la, ya kupikia, natengeneza chokoleti, na hadithi hii isingekuwepo. Lakini dukani kulikuwa na wanawake wawili wakichagua sabuni. Clotilda aliona picha yake mwenyewe: mama wa jembe, ana udongo kwenye kucha, anasema anapika chokoleti. Aliona wakitazamana. Aliona swali la pili likija na la tatu, na yeye akiwa hana majibu.

"Ya nywele," alisema.

"Za nani? Zako hizi au za bibi harusi?"

"Za Nice."

Pili akairudisha chupa aliyokuwa ameishika. Akapanda kigoda, akashusha nyingine kutoka rafu ya juu, iliyofungwa utepe. Aliifungua kidogo, akainusisha. "Hii ina asmini. Bibi harusi wetu hawezi kupaka ya kila mtu." Clotilda alipofungua pembe ya kanga atoe pesa, Pili aliusukuma mkono wake. "Mtoto wangu huyo. Na siku ya wageni nakuja kupika pilau, usitafute mtu."

Clotilda alitoka pale akiwa na furaha kubwa. Ndiyo aibu iliyomla baadaye kuliko zote, kwamba alitoka na furaha.

Siku moja kabla ya wageni, alianza kazi asubuhi. Alikaanga karanga kwa moto mdogo, akazipeta maganda, akazisaga juu ya jiwe mpaka zikawa uji mzito unaong'aa. Asali akaipima kwa kijiko, akijizuia. Alipoyatia mafuta sufuriani, harufu ya asmini ilijaa jikoni hadi kuku wakasogea mlangoni kuchungulia. Akatia kakao, akakoroga, na mchanganyiko ukawa mweusi, laini, unaotiririka vizuri kabisa. Vidonge akavichovya kimoja kimoja, akavipanga juu ya jani la mgomba. Baridi ya Ngara haihitaji friji. Kesho yake alivikuta vimeganda, vinang'aa kama viatu vya katekista.

Akaonja kimoja. Ladha ilikuwa ya karanga na asali, na juu yake kitu kigeni, kitu cha maua, kilichopanda puani na kukaa. Clotilda hakuwahi kula chokoleti maishani mwake. Alifumba macho, akasema moyoni, kumbe ndivyo ilivyo. Kumbe hiki ndicho wanachokula matajiri. Na kwa kweli hakuipenda sana, lakini aliulaumu ulimi wake wa shamba.

Wageni walikuja, wakasalimiwa, wakaketi. Pilau ya Pili ilisifiwa mpaka wanaume wakalegeza mikanda. Kisha Clotilda akaingia sebuleni na sahani yake, kaifunika kitambaa alichokidarizi mwenyewe. Kwa desturi yetu anayetoa huonja kwanza, mgeni aone kwamba hakuna ubaya uliofichwa. Na mgeni naye akila mbele ya macho yako, amekuamini. Clotilda alichukua kimoja, akala, akatabasamu, akampelekea Genoveva.

"Mkwe wangu, karibu. Hii ni chokoleti ya hapa hapa nyumbani. Kalanga zangu, asali yenu. Sukari ya dukani hamna hata punje."

Genoveva uso ulimng'aa. "Mawe, mama yangu! Nice hakuniambia kwamba mama yake ni mtaalamu." Akauma, sahani ikizunguka kwa wengine.

Akaacha kutafuna.

Alikuwa muuguzi, na pua ya muuguzi imezoea kuuliza kabla ya mdomo. Alikisogeza kidonge karibu na uso, akanusa. Shangazi yake Elick, aliyekwisha kutia kizima mdomoni, alivuta ncha ya kilemba chake mwenyewe, akainusa, akanusa vidole vyake, akainusa tena ile ncha.

"Mkwe," Genoveva alisema polepole, "umetumia mafuta gani humu?"

"Ya nazi."

"Ya kupaka?"

"Ni mafuta yangu haya!" shangazi akapayuka, huku akitafuta leso. "Ninayo nyumbani! Nimepaka leo asubuhi!"

Sebule nzima ikapasuka kwa kicheko. Wazee walitemea kwenye karatasi za mezani. Mtu mmoja akasema sasa utumbo utaota nywele laini. Nice alijifunika uso kwa mtandio. Ni hapo, katikati ya vicheko, ndipo Clotilda alipoelewa mambo yote kwa mara moja: chupa, utepe, harufu, na kwamba yako mafuta mengine duniani ambayo kila mtu aliyeketi pale anayajua isipokuwa yeye. Neno moja lingetosha, nalo ni "Sikujua." Genoveva angecheka, wangecheka wote, na mpaka jioni lingekuwa jambo la kupendana.

Lakini mdomo uliponza kichwa.

"Nimedanganywa!" alisema. "Nilimwambia kabisa mwenye duka nataka ya kula. Akanipa haya. Si mnawajua Waswahili wa mjini, mkwe? Hao ndivyo walivyo."

Vichwa vikatikisika kwa kukubali. Vicheko vikageuka kuwa masikitiko, watu wakaguna kwa kumhurumia. Clotilda alianza kuvuta pumzi. Alipoinua macho akamwona Pili mlangoni, birika la kahawa mkononi.

Hakuna aliyehitaji kuambiwa kama amesikia. Alisimama pale kwa muda wa kutosha mtu kusema Salamu Maria moja, akimtazama shoga yake usoni. Clotilda alijua angeweza kusema nini. Angesema, nilikuuliza ya nywele ukaniambia ya nywele. Angesema, nilikupa bure. Wakwe wangeondoka na hadithi ya mama mwongo, na huenda na posa yao.

Pili aliweka birika mezani.

"Wakwe zetu, ni kweli," alisema. "Duka ni langu, na chupa nilizichanganya mimi. Msimlaumu Mama Nice, mnilaumu mimi. Mnisamehe."

Akamimina kahawa kwa kila mgeni, mkono wa kulia, mkono wa kushoto umeshika kiwiko kwa heshima. Mzee mmoja akasema, "Mswahili akakiri kosa! Leo mvua itanyesha," na watu wakacheka tena. Na Clotilda naye, Mungu amsamehe, alicheka pamoja nao. Kikombe chake Pili alikijaza mwisho, bila kumtazama. Kisha akajifunga mtandio, akaondoka vyombo vikiwa havijaoshwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika sherehe yoyote ya nyumba ile.

Posa ilikwenda vizuri. Ndilo jambo lililomchoma Clotilda, kwamba kila kitu kilikwenda vizuri. Siku ya kumuaga binti ikapangwa. Genoveva alimkumbatia wakati wa kuondoka, akamwambia asihuzunike, nia yake ilionekana.

Chokoleti zilizobaki alizitia kwenye kopo, akaliweka kabatini. Kuzitupa alishindwa, maana karanga hazitupwi. Kuzila alishindwa zaidi. Baada ya siku chache harufu ya asmini ilihamia kwenye vikombe, ikahamia kwenye mkate, ikahamia kwenye chumvi. Kila alipofungua kabati alikutana na Pili amesimama juu ya kigoda, akishusha chupa ya utepe.

Na maneno, kama ujuavyo, hayahitaji nauli. Evarista, mwenyekiti wa akina mama wa jumuiya yao ya kanisani, alikuwa sebuleni siku ile. Wiki zilizofuata watu walianza kupita mbele ya duka la Pili wakielekea kwingine. Benchi la mlangoni, ambapo wanawake walizoea kupumzisha mizigo na kusimuliana, likabaki na paka. Siku ya sala, jumuiya ilipokutana kwa Clotilda, wakaanza kupanga mahitaji ya sherehe ya kipaimara. Miaka yote vitu walichukua kwa Pili.

"Mwaka huu tutafute pengine," Evarista alisema. "Mtu anachanganya ya nywele na ya kula, siku moja atatuulia mtoto. Harafu tutasema nini? Na si maneno ya kusikia, Mama Nice huyu hapa ni shahidi. Au siyo, Mama Nice?"

Wote wakamgeukia. Clotilda aliitazama rozari yake.

"Mm," alisema.

Uongo wa sebuleni angeweza kuusingizia mshtuko. Huu wa pili aliusema ameketi, ametulia, na Msalaba uko ukutani. Usingizi haukumpitia vizuri tangu siku hiyo. Alijionea kinyaa, na hakuwa na wa kumwambia, kwa sababu mtu ambaye angemwambia ndiye yule yule aliyemkosea.

Mwishowe akaenda. Alipitia uani, si mbele ya duka, mahali ambapo wangemwona. Alimkuta Pili jikoni, ameketi juu ya mbuzi, akikuna nazi walizoletewa na ndugu wa Pangani. Kwenye jiko la mkaa sufuria ilikuwa inachemka taratibu, na juu ya tui lililokatika yalielea mafuta meupe, angavu, yasiyo na harufu ya ua lolote. Harufu ile Clotilda aliijua. Aliipita uani pale miaka yote tangu wakiwa wasichana. Hakuwahi kuuliza ni kitu gani.

"Shikilia hapo usimwage," Pili alisema, kwa kuwa kanga ya Clotilda ilikaribia kukumba sufuria. Hakusema karibu.

Clotilda alipiga magoti kwenye majivu. Alisema yote, ya maelezo ya simuni na ya dukani na ya sebuleni na lile "mm" la kwenye jumuiya. Alilia. Pili aliendelea kukuna mpaka kifuu kikabaki cheupe.

"Mafuta nilikwisha kuyasamehe siku ile ile," alisema mwishoni. "Hukujua. Mimi nami nilikuwa sijui kupanda viazi, ukanifundisha wewe. Lakini lile neno, Clotilda. Nimezaliwa nyuma ya ukuta huu. Nimewazika wazee wenu, nimewapikia ndoa zenu. Watu wakiniita vile nilikuwa najiambia, waache, Clotilda hajawahi."

"Nisamehe, Mama Amri."

"Uliniaibisha sebuleni." Pili aliokota kifuu kingine. "Sasa umekuja kuniomba msamaha jikoni."

Kwa sauti ambayo hata yeye hakuitambua, Clotilda akauliza, "Hayo mafuta, yanapikwaje?"

Pili alimtazama kwa mara ya kwanza. "Leo unauliza," alisema. "Nenda kaiulize simu yako."

Na Clotilda akaondoka, akipitia mbele ya duka.

Sherehe ya kumuaga Nice ilifanyika mchana katika ukumbi wa kukodi mjini Ngara. Clotilda alitafuta mpishi mwingine, na kadi ya Pili akaipeleka mwenyewe, jina limeandikwa vizuri, kiti cha wageni wa mbele. Wakwe wakafika, ngoma ikapigwa, keki ikakatwa. Kiti cha Pili kilikuwa kitupu. Ni wakati watu wanakula ndipo alipoingia, amevaa baibui lake la sikukuu, akaketi karibu na mlango kama mtu mwenye safari.

Mshereheshaji akaita. Mama mzazi aje amuase binti, akabidhi zawadi kwa wakwe.

Clotilda alipanda jukwaani na sinia lake. Juu yake kulikuwa na chokoleti mpya. Safari hii alitumia samli ya ng'ombe, kwa sababu samli aliijua. Pembeni ya sinia alikuwa ameweka lile kopo la zamani. Kipaza sauti alikibana pamoja na sinia, kikawa kinaligonga.

"Wakwe zangu," alisema, "mara ya kwanza niliwalisha mafuta ya nywele."

Ukumbi ukacheka. Shangazi yake Elick akashika kilemba. Clotilda akangoja kicheko kiishe, na kungoja huko kulimwia kugumu kuliko yote.

"Nikawaambia nilidanganywa dukani. Sikudanganywa. Mama Amri aliniuliza, ya nywele? Nikasema ya nywele. Niliona haya kusema napika chokoleti. Akanipa chupa nzuri kuliko zote, bila pesa, zawadi ya Nice. Mimi nikaitia sufuriani kwa sababu nilikuwa sijui kwamba yako mengine. Alipowaambia amekosea, alikuwa ananifunikia mimi aibu yangu."

Hakuna aliyecheka sasa. Evarista alikuwa anatafuta kitu kwenye mkoba wake, na hakukipata. Mshereheshaji alimwashiria mpiga muziki. Clotilda akatikisa kichwa.

"Nikasema na neno juu ya Waswahili. Mlilisikia, na mlicheka, na mimi nilicheka. Wakwe zangu, mwongo wa siku ile hakutoka Pangani. Ni Mhangaza wa hapa Nyamiaga. Ni mimi."

Alimwona Nice ameinamisha kichwa, machozi yanadondokea kwenye gauni. Alimwona Genoveva amekaa wima, uso haumsomeki, na akajua kwamba huko Nyamigogo habari hii itasimuliwa hadi wajukuu wake waisikie. Kisha akateremka jukwaani akakatiza ukumbi wote kuelekea mlangoni, sinia mkononi, kipaza sauti amekisahau kwapani.

Alisimama mbele ya Pili, akaliweka sinia kwenye kiti cha kando. Akafungua kopo la zamani kwanza, akatoa kidonge cha asmini, akakila mbele ya watu, akakitafuna mpaka kikaisha. Kilikuwa kichungu kuliko alivyokumbuka. Kisha akachukua kimoja cha vile vipya, akaonja kama desturi inavyotaka, akamnyooshea mwenzake kingine kwa mikono miwili.

Pili alikipokea. Alikigeuza, akakinusa.

"Samli," alisema.

"Samli."

"Karanga umeziunguza kidogo."

"Nimeziunguza."

Ukumbi mzima uliujua mkono ule uliobeba kidonge, na ulijua maana ya kula na maana ya kutokula. Pili alikishika hewani kwa muda. Kisha akafungua pembe ya mtandio wake, akakiweka humo, akafunga fundo kama watu wanavyofunga pesa.

"Nitakula nyumbani," alisema, "nikishamaliza kukasirika."

Kipaza sauti kilichokuwa kwapani kwa Clotilda kililichukua neno hilo, kikalipeleka hadi meza ya mwisho.